Safari ya Chovai kwa pakiti nane za karata

Wengi mmetuuliza yale makelele yaliyosikika nyuma ya madarasa mwezi uliopita, Jumamosi na Jumapili, yalikuwa ya nini. Wengine walidhani watu wanapigana. Hakuna aliyepigana. Yalikuwa ni mashindano ya karata, na kelele kubwa zaidi zilitoka kwenye meza iliyoitwa Chovai. Basi katika ukurasa huu tutawaeleza mashindano yenyewe, na tutawapeleka Chovai, maana mambo hayo mawili hayakuachana.

Chovai ni kisiwa. Ukitoka Kismayu kwa dau ukashika kusini, bara ikiwa mkono wako wa kulia, utapita Koyama, halafu Ngumi, halafu utafika Chovai, na jirani yake ni Chula. Ukizidi kuteremka utaikuta Burgabo, kisha Ras Kiamboni, na hapo Somalia inakwisha. Ng'ambo ya mpaka ni Kiunga, Kenya. Ni visiwa vya mawe ya matumbawe, vyembamba, vimejipanga kando ya pwani kama shanga. Upande wa nje ni bahari kuu yenye mawimbi, na upande wa ndani, kati ya kisiwa na bara, maji yametulia na mikoko imeota. Huko ndiko kwao Wabajuni, watu wa bahari, na lugha yao ni Kibajuni, ndugu wa Kiswahili tunachoandika hapa.

Sisi walimu wa kujitolea tuliojitwika kazi hii tuna umri wa miaka ishirini na kitu. Wengi wetu tumezaliwa hapa Kakuma, au tuliletwa mgongoni. Wazazi wetu waliondoka visiwani baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakati watu wenye bunduki walipokuwa wakichukua mashua, nyavu na hata sufuria. Walivuka kwa majahazi hadi Lamu na Mombasa. Wengi walikaa kambi ya Jomvu, Mombasa, na ilipofungwa mwaka 1997 baadhi yao walirudishwa Kismayu na visiwani, wengine wakaletwa huku kwenye vumbi. Kwa hiyo Chovai kwetu ni neno. Linaandikwa kwenye fomu, mahali pa asili: Chovai. Ukimuuliza kijana kilichoko huko, atakwambia "bahari". Basi.

Jambo hili si la mzaha. Kila anayefuatilia habari za watu wetu waliofika Ulaya anajua kwamba Mbajuni akiomba hifadhi, jambo la kwanza atakaloulizwa ni kama kweli anatoka Somalia, au ni Mbajuni wa upande wa Kenya, wa Faza au Kizingitini. Ataulizwa visima, samaki, jina la kisiwa kinachofuata, na namna anavyotamka maneno. Kuna waliozaliwa kambini, lugha yao imechanganyika na Kiswahili cha shule, wakaonekana waongo kwa sababu hawakuweza kuijibu ramani ya kwao. Kuna wanaojaribu kukariri majibu. Sisi tunaona kukariri hakufai. Aliyekariri huulizwa swali la pili, akakwama. Kinachofaa ni kukaa na mtu aliyekunywa maji ya huko, na kukaa naye mara nyingi, siyo siku moja kabla ya mahojiano.

Lakini mwambie kijana wa miaka kumi na minane akae na mzee amsikilize! Hakai. Mwambie aje acheze karata, atakuja kabla hujamaliza sentensi. Na wazee wetu wa visiwani, bwana, kwa karata ndiko waliko.

Wanatusimulia kwamba msimu wa karata ulikuwa kusi. Kaskazi, kuanzia kama mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, ndio wakati wa majahazi na wa kazi. Kusi ikishakaza, mwezi wa sita, wa saba na wa nane, bahari ya nje huchafuka, na mwenye chombo kidogo hukaa ndani ya mkondo au hukivuta pwani kabisa. Hapo watu hushona nyavu, hupiga kalafati, hunywa chai, na jioni hutandika mkeka wakatoa karata. Sisi nasi tulichagua mwezi wa nane. Hapa Kakuma kusi ni upepo wa kukutia mchanga machoni tu, lakini shule zilikuwa zimefungwa na madawati yalikuwa yetu.

Mchezo tuliouchagua ni wahedi wa sitini, wengine huutamka wahedisitini. Wasioujua tuwaeleze kidogo. Mnatoa nane, tisa na kumi zote, mnabaki na karata 40. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, mwenzako kakaa mkabala nawe, kila mtu kapata karata kumi. Rangi moja ni turufu, nayo inakula nyingine zote. Rangi iliyotupwa lazima uifuate kama unayo. Ree ni pointi 11, na saba, ambayo wazee huiita seti, ni pointi 10. Halafu wanakuja wazungu: mzungu wa nne ana pointi 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Zilizobaki hazina kitu. Jumlisha: rangi moja ni 30, rangi nne ni 120. Nusu yake ni 60, na anayeshinda ni mwenye 61. Ndiyo maana ya jina lenyewe, kwa Kiarabu wahedi ni moja, sitini mnaijua. Watoto wetu wa darasa la nne walipoambiwa hivyo waligutuka, maana walikuwa wakilisikia jina hilo miaka yote kama ni jina la mtu.

Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, kwa nini malkia ana pointi 2 na kijana wake ana 3?" Tulimtafuta mtu wa kumjibu. Jibu liko Ureno. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakajenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, wakatolewa humo mwaka 1698. Waliondoka wao, karata wakaacha. Neno karata ni la Kireno, turufu pia, na rangi zote nne: kopa, uru, pau, shupaza. Hata seti ni saba ya Kireno. Na mpaka leo Ureno kuna mchezo wa karata 40 ambao ree ni 11, saba ni 10, na malkia yuko chini ya kijana. Wavuvi wetu waliushika vilevile, ila waliwabadilisha wafalme wakawaita wazungu, wakawapa namba badala ya vyeo. Msichana alisema bado si haki. Tunakubaliana naye, lakini sheria ni sheria.

Kazi ngumu ilikuwa kukubaliana kwa sheria. Kambi hii ina watu wa kila mahali. Vijana wa Kisomali huita karata turub, na wana michezo yao. Waganda walitaka matatu, ule mchezo wa kumaliza karata mkononi. Wakongo wakasema wa kwao ndio mtamu. Hata Wabajuni wenyewe hawakuwa kitu kimoja: mzee wa Koyama anataka turufu ioneshwe mwisho wa kugawa, mzee wa Chula anataka ikatwe kutoka katikati ya pakiti. Tulikaa jioni tatu. Tuliandika sheria kumi na moja kwenye karatasi ya ukutani, kwa Kiswahili, zikasomwa kwa sauti, na mzee wa Chula akashindwa kwa kura. Alinuna siku mbili, halafu akajiandikisha wa kwanza.

Halafu likaja suala la dini, nalo lilistahili muda. Kuna familia zisizotaka karata kabisa, na hatukumshawishi mtu. Kwa wanaoruhusu, sharti lilikuwa moja: isiwe kamari. Hakuna kiingilio, hakuna kuwekeana hata kijiko cha sukari, na adhana ikiadhiniwa karata zinalazwa kifudifudi, watu wanakwenda kusali. Suala la sukari tulilisisitiza kwa sababu tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2025, kikombe cha sukari si kitu cha kuchezea. Mtu anaweza kupoteza chai ya watoto wake kwa kujiona mjanja. Zawadi ilikuwa ni pakiti mbili za karata, na mshindi azibebe.

Jozi zilizojiandikisha zilikuwa 16, watu 32, meza nane. Tulikuwa tumezoea mashindano ya mpira, ukifungwa unakwenda nyumbani. Lakini mzee ametembea kutoka Kakuma Tatu kwa fimbo, utamwambiaje arudi baada ya nusu saa? Hapo tukatumia utaratibu unaoitwa wa Uswisi, uliotumika kwanza katika mashindano ya sataranji mjini Zürich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Raundi ya kwanza ni kwa kura. Baada ya hapo aliyeshinda anakutana na aliyeshinda, aliyeshindwa na aliyeshindwa mwenzake, na hamkutani na jozi ile ile mara mbili. Kwa jozi 16, raundi nne zinatosha kubakiza jozi moja tu isiyoshindwa. Kila mtu anacheza mpaka mwisho, na kadiri raundi zinavyosonga unazidi kukutana na wa kiwango chako. Tunawashauri walimu wengine muutumie, hata kwa dhumna au bao.

Utaratibu huo huo ndio unaotumika kwenye mashindano ya zile karata za kukusanya na kubadilishana, ambazo jamaa zetu waliokwenda Marekani wanatuambia watoto wao wamezishika kuliko vitabu. Mchezo wa Magic: The Gathering ulitoka mwaka 1993, Pokémon ikafuata kutoka Japani mwaka 1996. Huko kila mchezaji anakuja na karata zake alizonunua, na yule mwenye pesa ana karata kali. Vijana wetu walizitazama kwenye simu wakazitamani. Mzee mmoja akauliza: "Sasa kila mtu akija na turufu zake za nyumbani, nani atamfunga nani?" Hatukuwa na la kumjibu. Kwetu pakiti ni moja, mnagawana wote, na ukipata mbaya unacheza na mbaya.

Pakiti zenyewe tulizinunua za bei ya chini kule mjini Kakuma, na mbili zilikuwa zina upungufu. Hapa tuliona faida ya wahedi wa sitini: zile nane, tisa na kumi unazozitoa ni karata 12 za akiba. Kumi ya uru ilichorwa kwa kalamu ikawa seti ya uru, na nyuma yake inafanana na wenzake wote. Ilicheza siku mbili bila mtu kulalamika.

Sasa tuje kwenye meza. Tulizipa majina ya safari, kutoka kaskazini kwenda kusini: Kismayu, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, Burgabo, Ras Kiamboni, Kiunga. Tulizipanga chini ya miarobaini kwa mstari mmoja, na ardhini tukachora pwani kwa chokaa. Meza ya walioongoza ikawa Chovai, ya katikati. Aliyeanzia Kismayu akishinda anasogea Koyama, Ngumi, na anakaribia Chovai. Aliyeanzia Kiunga anapanda Ras Kiamboni, Burgabo, Chula. Ukishindwa, unasukumwa nyuma kama chombo kilichopigwa na upepo wa mbele.

Hapo ndipo wazee walipoanza kusema bila kuulizwa. Mzee mmoja aliyezaliwa Chovai, sasa macho hayaoni vizuri, alikuwa anachezeshwa na mjukuu wake: mtoto anamnong'oneza karata zilizotupwa, yeye anachagua ya kutupa. Alipoambiwa wamesogezwa kutoka Ngumi kwenda Chovai alisema, "Basi teremsha tanga, maji madogo, utakwama." Vijana wakacheka. Mjukuu akamuuliza, "Babu, maji madogo wapi?" Na mzee akamweleza, karata mkononi, jinsi mlango wa kuingilia unavyokuwa maji yakitoka, upande gani kuna mwamba, wapi nahodha anasubiri bamvua, wapi watoto walikuwa wakisimama kungojea vyombo. Wapinzani wao walikuwa vijana wawili wa Kisomali kutoka Kismayu mjini. Waliacha kucheza wakasikiliza. Mmoja akasema babu yake alikuwa akinunua papa mkavu kutoka kwa watu wa visiwa hivyo. Mzee akamuuliza duka lilikuwa mtaa gani. Refa wetu ilibidi awakumbushe kwamba kuna raundi.

Kwenye meza ya Burgabo ilizuka habari ya kasa. Wabajuni wana njia ya kuvua kasa ambayo wageni wameiandika vitabuni: humtumia samaki anayeng'ang'ania. Hufungwa uzi mkiani, akaachwa karibu na kasa, akajibandika kwenye gamba kwa kichwa chake, na mvuvi akavuta taratibu. Mama mmoja wa Kikongo kutoka Uvira, mtu wa ziwa, hakuamini. Alisema samaki hawezi kumvua mnyama. Waliitwa wazee watatu kutoka meza tatu tofauti, bila kusikilizana, na kila mmoja akaeleza vilevile. Mama akasema, "Haya, nimekubali, cheza." Mtaliano Vinigi Grottanelli aliwatembelea Wabajuni akachapisha kitabu kizima juu ya uvuvi na maisha yao, Roma, mwaka 1955. Na Derek Nurse, mtaalamu wa lugha, ameandika sana juu ya Kibajuni. Ni vizuri. Lakini mtoto wa hapa hasomi Kitaliano, na mzee yuko bloku ya pili.

Lugha nayo ilifanya kazi yake. Wazee hawasemi mzungu wa tatu, wanasema wa chachu, kwa sababu Kibajuni huweka ch mahali pengi ambapo sisi tunaweka t. Watu ni vachu. Siku ya kwanza watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku ya pili tuliwasikia wenyewe wakipiga kelele, "Chupa wa chachu! Chupa!" Hatuna hakika kama Kibajuni chao kilikuwa sawa, na mzee wa Chula alituambia si sawa, lakini alikuwa anacheka naye.

Tuseme pia juu ya kina mama. Mwanzoni jozi zote zilikuwa za wanaume. Bi mmoja wa Chovai alikuja akasimama mbele ya meza ya kuandikisha, akasema kwamba mama yake alikuwa akiwafunga wajomba zake wote, ndani, milango imefungwa. Akataka meza ya wanawake. Tukaweka vipindi vya asubuhi, jozi tano za kina mama zikaingia hesabuni pamoja na nyingine zote, na kwa raundi zilizowakutanisha na wanaume walikubaliana wenyewe nani yuko tayari na nani hayuko tayari. Bi huyo na binti yake walimaliza wa tatu. Anazihesabu pointi kichwani kabla karata hazijageuzwa. Tulipomwuliza alijifunza wapi alisema, "Kwenye giza. Taa ilikuwa moja, na ilikuwa ya wanaume."

Raundi ya nne, kwenye meza ya Chovai, walikutana yule mzee na mjukuu wake, pamoja na mwenzao wa Koyama, dhidi ya jozi ya vijana wa darasa letu la jioni. Mechi ni mikono mitatu. Vijana wakachukua wa kwanza kwa 74. Wazee wakachukua wa pili kwa 61 kamili, moja tu ya ziada, na mzee akasimama akapiga meza. Mkono wa tatu ulikuwa sitini kwa sitini. Tulihesabu mara tatu. Watu walikuwa wamepanda juu ya madawati. Tukagawa upya, na karata ya tatu haijatupwa, adhana ya Magharibi ikaadhiniwa. Karata zikalazwa kifudifudi, kila mtu akaandika jina lake kwenye karatasi na kuiweka juu ya zake, na mwalimu mmoja akalala pale pale kuzilinda na upepo.

Jumapili asubuhi walimaliza. Vijana walishinda, 66 kwa 54. Mzee alisema macho yangekuwa mazima angewaonesha kazi, kisha akawataka waje kwake jioni na hizo pakiti mbili walizopewa, maana kushinda Chovai bila kufika Chovai hakuhesabiki. Wamekwenda mara nne tangu siku hiyo. Mmoja wao, ambaye kwenye fomu yake asili ni Chovai, ana daftari analoandika: visima vingapi na kipi chenye maji ya chumvi kidogo, miti iliyokuwa karibu na msikiti, majina ya samaki kwa Kibajuni na kwa Kiswahili. Hatujalisoma. Ni lake.

Mashindano mengine yatafanyika likizo ya mwezi wa kumi na mbili, safari hii meza ya kati itaitwa Koyama, na mzee wa Koyama ameshaanza kujigamba. Jozi zinazotaka kuingia zimwone mwalimu yeyote wa darasa la jioni kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Kila jozi ije na mtu mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka hamsini, wa kucheza au wa kukaa nyuma na kulalamika. Mwenye pakiti isiyotimia asiitupe, tunaihitaji kwa zile nane, tisa na kumi.